Karatasi ya Pili ya Kwenda Japani

Nakumbuka vizuri asubuhi ile barua ilipofika kutoka Japani, mwanangu, maana hasira yake bado sijaimaliza. Wewe ungali unanyonya. Utaisoma hii ukishajua kusoma.

Nilikuwa nimemaliza sekondari kwa masista, hapa Kamina. Sista mmoja aliyewahi kuishi Japani alituambia kwamba shirika lao lina chuo kikuu huko, chao wenyewe, si cha serikali, na kinapokea wasichana wa nchi za mbali. Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Walitaka alama zangu, ruhusa ya baba, na barua ya mkono wangu kueleza kwa nini nataka kusoma. Hiyo barua niliiandika mara nne, ikatangulia pamoja na alama; ruhusa ikabaki kufuata.

Babu yako alikuwa karani wa stesheni. Kumkatalia sista usoni hakuweza. Akapiga ruhusa kwa mashine ya chapa, akaniwekea karatasi mbili mezani.

"Tia sinyatire hapa. Na hapa."

Nikainama nisome ile ya pili.

"Weye! Unasoma karatasi ya baba yako? Unazania minyi iko mwizi?"

Nikaona haya. Nililelewa hivyo: mtoto hapekui maneno ya mkubwa. Nikatia sahihi. Bahasha akaifunga yeye. Posta niliipeleka mimi, kwa miguu yangu, tena nikiimba!

Miezi ikapita. Jibu lilipofika nilianza kulisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini, palepale mbele ya posta. Walisema alama zangu zimewapendeza, barua yangu wameipokezana mkono kwa mkono, nafasi walikuwa wamenitengea. Lakini kwa kuwa nimewaandikia mwenyewe kwamba najiondoa, naolewa, basi wananitakia ndoa njema.

Ndoa gani? Hata mchumba sikuwa naye.

"Baba, hii ya kuolewa, ni nani aliandika?"

Alikiri bila hata kuacha kula. "Njo minyi. Mutoto mwanamuke anaenda Japon kufanya nini? Ukikufa kule, nani atakulilia?"

"Ulinitilisha sinyatire!"

"Sasa? Mukono haikukuwa yako?"

Mkono ulikuwa wangu kweli. Nikaandika tena Japani. Wakajibu kwa upole kwamba nafasi imeshapata mwenyewe.

Basi nakwambia wazi, mwanangu. Heshima ni kumsalimu baba, kumpikia, kumnyamazia akigomba. Kutia sahihi usichokisoma si heshima, ni ujinga, na niliufanya mimi, msichana wa sekondari! Soma mstari kwa mstari, hata aliyekuletea akinuna, hata akikuita huna adabu. Na siku mimi mama yako nitakapokuletea karatasi, isome mbele ya macho yangu. Nikifoka, endelea kusoma.

Mungu akupe shingo ngumu pale yangu ilipokuwa laini, akufikishe unakotaka kwenda, na watakaokupokea wawe wamesoma maneno yako, si ya mtu mwingine.