Mtumbwi Uliokwenda kwa Mwendo wa Shomari

Nakumbuka vizuri siku ile Kibwana alipomwambia Shomari ashuke mtumbwini, mwanangu, kuliko hata siku tuliyoshinda. Keti nikusimulie, maana jana nilikusikia ukimlalamikia mwenzako wa kazini kuwa anawachelewesha, nami maneno yako yakanirudisha mbali.

Ilikuwa enzi za Wadachi. Nzige walipita kwetu milimani wakala mahindi mpaka mabua, na mvua ya mwaka uliofuata ikachelewa. Tukala kila kilichokuwa ghalani, na mwisho, Mungu atusamehe, tukala na mbegu. Mvua iliporudi, mashamba yalikuwa yamelimwa, meusi, mazuri ajabu, na hatukuwa na hata punje ya kupanda. Mama yako alikuwa mjamzito. Kila asubuhi nilikwenda kulitazama shamba lile, nikarudi na jembe langu.

Ndipo akida wa Wadachi akatangaza mashindano ya mitumbwi katika mto Ruvu, siku ya sikukuu ya serikali: kupanda mkondo, kugeuka, na kurudi ukingoni pa kuanzia. Kila kijiji kitoe watu sita, na washindi wapewe magunia matatu ya mbegu za mahindi. Watani zetu wa bondeni walicheka sana, maana sisi Waluguru wa juu tulijua maji ya kunywa na ya kuogea tu. Mtumbwi wenyewe tuliazima kwa mtani mmoja, Mzee Kondo, nao ulikuwa wa zamani mno, kuku walikuwa wakitagia humo. Alituambia tuuchukue tu, kwa kuwa hajapata kumwona Mluguru akizama na angependa kuona kabla hajafa. Huo ndio utani, na wewe unajua mtani hakasirikiwi.

Siku ya kwanza tulipinduka hata kabla hatujaacha ukingo. Mtu wa mlimani akiyumba huegemea upande wa mlima, miguu yake imezoea hivyo tangu utoto. Basi mtumbwi ulipoyumba, sote sita tukaegemea upande ilikoonekana milima yetu, tukaingia majini kwa pamoja. Mzee Kondo alicheka mpaka akakaa chini.

Tulipojua kukaa sawa, shida ikawa nyingine. Kila mtu alipiga kasia kwa nguvu zake mwenyewe, na mtumbwi ukawa unakwenda kombo. Kibwana, nahodha wetu, kijana mwenye kifua kipana na hasira za karibu, alimlaumu Shomari, akamwita mzembe. Ni kweli Shomari alikuwa akichelewa katika kila pigo. Alikuwa amekonda mpaka shuka aliyojifunga kiunoni ilikuwa haikai. Kibwana akamwambia ashuke, atafutwe mwingine. Shomari akaweka kasia chini, akaanza kushuka. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa alikuwa shemeji yangu, kaka yake mama yako, na ningesema chochote ningeambiwa nampendelea.

Aliyesema ni Mama Mkubwa Zuhura, dada wa bibi yako. Siku hiyo alikuwa ametushushia vipande vichache vya muhogo wa kuchoma. Ndiye aliyekuwa akituanzishia wimbo tukilima kwa ujima, na hakuna mwanamume kijijini aliyethubutu kumjibu ovyo.

"Kibwana," alisema, "kule juu tukilima mstari mmoja, tunafuata jembe la nani?"

Kibwana akainama. "La aliyechoka, mama."

"Kwa nini?"

"Akiachwa nyuma, udongo na mawe ya waliotangulia yanamporomokea."

"Sasa huku mtoni mmekuwa watu gani?" Kisha akamtazama Shomari, na sauti yake ikashuka. "Na huyu, unajua kwa nini amekonda? Chakula chake kinakwenda kwa dada yake. Mjomba anamlisha mtoto ambaye hata hajamwona."

Katika tumbo hilo, mwanangu, ulikuwamo wewe. Mimi sikuwa na habari. Mama yako naye alikuwa akidhani kaka yake anashiba kwingine. Nililia pale mbele za watu na sikuona haya.

Tangu hapo tulimkalisha Shomari mbele kabisa, mahali ambapo sote tuliuona mgongo wake, na makasia yote yakafuata lake. Mama Mkubwa akatuimbia wimbo wa jembe pale ukingoni mpaka ukaingia mikononi. Mwendo ulikuwa wa polepole, lakini makasia sita yakizama pamoja yana nguvu ambayo sikuitegemea.

Siku ya mashindano, vijana wa kijiji cha Mzee Kondo walichomoka wakatuacha mbali. Mto waliujua, ila nao walikuwa na njaa, na nguvu zao ziliishia kwenye kupanda mkondo. Sisi tuliimba tu. Tuliporudi karibu na ukingo tuliwakuta wanagombana nani anazembea, tukawapita, tukawa wa kwanza kugusa mchanga. Shomari akaanguka juu ya kasia lake. Kibwana ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kivulini, akimwomba radhi njia nzima.

Tulipokuwa tunafunga magunia yetu matatu, Mzee Kondo akaja, akajitwika gunia moja, akaenda zake bila kuomba. Kibwana akataka kumfuata. Mama Mkubwa akamshika mkono.

"Mwache. Mwizi asingeacha mawili. Huyo ni mtani, na kwake kuna watoto."

Mzee Kondo akageuka akatutukana kidogo kama kawaida yake, huku machozi yanamtoka.

Basi nasaha yangu ni hii. Kesho ukirudi kazini, usimsute mwenzako mbele za watu. Kaa naye kando, umuulize amekula nini na ni nani wanaomtegemea. Kisha punguza mwendo wako akufikie, muanze tena pamoja. Nguvu hizo unazojivunia, mwanangu, na mabega hayo, vilianza kwa chakula cha mtu aliyeitwa mzembe.

Mungu akupe riziki ya kutosha wewe na wa kumgawia. Akupe macho ya kumwona aliyechoka, na siku utakayochoka wewe, akuwekee watu wa kukungoja. Amina.