Kiti cha Mukubwa Kiko Nyuma

Mwezi uliopita, kwenye ofisi ya ndege hapa mjini, mbele yangu walisimama bwana mmoja na mke wake. Bwana ni mkubwa mpya katika serikali yetu mpya ya Katanga, na walikuwa wanakwenda Brussels na tiketi za première, klasi ya wakubwa.

Karani akawaonyesha picha ya ndege. "Première iko huku nyuma, bwana. Motere za ndege ziko mbele, zinapiga makelele sana. Huku mutalala muzuri."

Bwana akaweka kofia yake juu ya picha. "Nyuma? Mu kamyo, mukubwa anaikalaka mbele na shofere. Nyuma ni ya mbuzi na mifuko ya mihogo. Miaka yote Bazungu balituweka nyuma. Leo tuko na bendera yetu, na tena nyuma?"

"Lakini mbele ni klasi ya bantu bote."

"Mbele!"

Karani akamtazama mama. Mama akakaza kitambaa chake cha kichwa taratibu. "Miye uniache kule nyuma. Nilizoea."

Jumamosi nikawakuta mtaani Kamalondo, wamerudi. Nikamuuliza bwana safari ilikuwaje. Akaweka kiganja nyuma ya sikio, kisha akapaza sauti mpaka mshonaji mmoja barazani akasimamisha cherehani: "Mbele! Nilikaa mbele!"

Mama akacheka. Yeye walimpa mto, blanketi na supu ya moto, akalala kama mtoto mchanga.

Ndugu wasomaji, kukaa mbele ni haki yetu, na tumengoja sana. Lakini kabla ya kukaa, tuulize kwanza motere ziko wapi.