Mikono ya Mama na Limau ya Uturuki

Mimi ni mtu wa nyumbani. Dada yangu wa Kibondo husema nimeota mizizi kwenye kiti cha cherehani, na sijawahi kumbishia, kwa sababu kubisha kungenilazimu nisimame. Nashona sare za shule barazani kwangu, hapa Kasulu. Watoto wananijia wenyewe, nawapima mabega, wanaondoka. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikafundishwa jiografia ya dunia nzima, nikaridhika nayo ilivyo kwenye ramani.

Ndiyo maana mama alipougua kule Kitanga, mwishoni mwa kiangazi, ikaonekana mimi ndiye wa kumpokea. Hakuna aliyeniuliza. Mtu asiyekwenda popote huhesabiwa kuwa na nafasi.

Malaria yenyewe ilikuwa imeshaondoka, ila iliondoka na hamu ya kula. Daktari wa zahanati alituambia zile dawa za kuongeza damu zimezwe juu ya chakula, si juu ya maji matupu, na mama akiendelea kukonda namna ile basi arudishwe alazwe. Dada aliposikia akatoa amri kwenye simu. Jumamosi anakuja na gari la shemeji. Akikuta mama hali, anamchukua. Kibondo kuna baridi, alisema, na kule wako wengi wa kumwangalia, si kama hapa anapoangaliwa na mtu anayeangalia tundu la sindano.

Nilimwambia aje tu. Nikakata simu, nikaenda kuchochea moto.

Sasa, mama yangu hakatai chakula kwa mdomo. Anakikataa kwa mikono. Kwetu, ukiletewa jagi na beseni ukatoa mikono ukamwagiwa maji, mazungumzo yamekwisha hapo: aliyenawa anakula. Kunawa halafu ukaacha chakula ni kumwambia mpishi mbele ya macho yake kwamba alichopika hakifai, na sisi mama alitulea kwa sheria hiyo mpaka tukawa tunanawa mbele ya viazi vilivyoungua na tunavimaliza. Kwa hiyo yeye, ili asinitukane, hakunawa. Nilikuja na jagi, nikainama, naye akaingiza mikono ndani ya khanga akanitazama kwa upole. Nitanawa baadaye, alisema. Nikabaki nimeinama kama mhudumu wa hoteli iliyokosa wageni. Mchana hivyo, jioni hivyo. Mgongo wangu, ambao umepinda vya kutosha kwa kazi ya cherehani, ukapata sababu ya pili.

Na joto nalo. Sisi wa huku milimani tunajisifu kwa watu wa Kigoma mjini kwamba kwetu kuna baridi, lakini tunajisifu Juni na Julai. Kabla ya mvua za kwanza, watu wa upande wa Kagerankanda wanapochoma mashamba na moshi ukakaa juu yetu, bati linaanza kulia mapema asubuhi na vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya nyuzi. Umeme ukiwepo, feni inachukua joto la kona moja na kulipeleka kona nyingine, kila mtu apate. Mama alilala kwenye mkeka chumbani, uso umelowa, akasema hata kutafuna ni kazi.

Siku moja katika wiki hiyo niliishiwa uzi wa bluu, nikalazimika kwenda mjini. Mwenye duka la vitambaa ni mtu wa asili ya Tanga, amekuja Kasulu tangu ujana wake, na binamu yake huenda Uturuki kufuata nguo. Aliniona nimesimama mlangoni nahema, akacheka, akasema fundi leo umetoka pangoni. Halafu akachukua chupa ya kioo juu ya meza yake na kuniambia nikinge mikono. Nikakinga bila kuuliza. Akamimina.

Baridi ilipanda mpaka kwenye viwiko. Harufu ilikuwa ya limau lililokatwa karibu na pua, na nyuma yake harufu ya ile spiriti wanayokupaka kabla ya sindano. Akanionyesha nijipake usoni na shingoni, na kwa muda mfupi sana nikawa mtu wa Julai. Aliniambia ni marashi ya Kituruki, kolonya wanaiita wenyewe. Mgeni akiingia na jasho lake, kabla hajaulizwa neno, anamwagiwa viganjani apoe. Nikamwambia kwetu tunaanza na salamu, tena tunauliza mpaka hali ya mbuzi, ndiyo maana wageni wetu hukauka wenyewe mlangoni. Akaniuliza habari za mama. Nilipomweleza akaisukuma ile chupa, ikiwa nusu, kwenye mfuko wa nyuzi zangu. Mpelekee, alisema, pengine ni joto tu linalomzuia.

Nilifika nyumbani mchana jua likiwa kichwani. Sikuwa na jagi wala beseni, kwa hiyo mama hakujihami. Nilimwambia akinge mikono, akakinga. Nikammiminia. Akanusa, akashtuka kidogo, akajipaka usoni na shingoni na nyuma ya masikio kama nilivyomwelekeza, kisha akashusha pumzi ndefu ya raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu aje. Nikajisikia kama daktari. Nikakaa kwenye kigoda nijisifu vizuri.

Mikono yake ikabaki mbele, viganja juu.

"Haya, lete," alisema.

"Nilete nini, mama?"

"Si umeninawisha? Chakula kiko wapi?"

Chakula hakikuwepo. Wiki nzima nilikuwa nimepika kikapoa, nikapika kikapoa, na siku hiyo moja niliyochelewa mjini sikuwa nimewasha hata moto. Sikumwambia. Nilitoka mbio kwa jirani, mama mmoja wa asili ya Burundi aliyekulia kambini Mtabila, ambaye siku hizi ni Mtanzania mwenye kitambulisho na maneno mengi. Alikuwa anapakua. Akaniuliza kama ni mimi kweli ninayekimbia au nyumba inaungua. Nikamwambia mama amenawa. Hapo hakuuliza tena. Alikata ugali wa muhogo wa watoto wake, akateka na sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, yenye mawese juu, akanipa na sahani yake.

Nilirudi mbio vilevile. Watoto wa mtaa walitoka nje kuangalia, maana kitu hicho hakikuwa kimewahi kuonekana. Nilipoingia, mikono ya mama ilikuwa imesharudi ndani ya khanga.

"Maji yako yamekimbia," alisema. "Mkono ukikauka haujanawa."

Kidato cha tatu walitufundisha mvukizo. Niliujibu kwenye mtihani nikapata alama nzuri, sikujua utanifuata nyumbani. Lakini nilimwona mama akiitazama ile sombe, na akauliza imepikwa na nani. Nilipomjibu akasema yule mama anajua kutwanga. Kwa siku nyingi, hilo lilikuwa neno lake la kwanza la wema kuhusu chakula.

Kesho yake nilijipanga. Nilipika kwanza, nikaweka sahani nyuma ya mlango, karibu, nikaingia na chupa peke yake kama mtu asiye na neno. Akakinga. Nikamimina, na kabla hajamaliza kujipaka shingo nikavuta sahani.

"Umenawa, mama."

Aliitazama sahani, akanitazama mimi. "Unanitega kama panya."

"Sheria ni yako."

"Haya si maji."

"Jana yalikuwa maji. Jana uliniambia lete."

Alifikiri. Mama yangu ni mtu wa haki, hata haki ikimuumiza. Akamega tonge, akalichovya, akatafuna akiwa amekunja uso, akasema ugali wangu una ladha ya sabuni. Ilikuwa kweli, ile limau ilikuwa imeganda vidoleni. Tukakaa kikao pale pale, mimi na yeye, tukapitisha kwamba limau itatangulia na maji yatafuata, lakini maji hayo ni ya kusuuza tu, kwa sababu kunawa kumeshafanyika. Aliikubali hiyo sheria kwa moyo mmoja. Aliitunga yeye.

Alikula kidogo siku hiyo. Siku iliyofuata akala kidogo zaidi, nami nikakaa mbele yake kwenye kigoda kuhakikisha, nikifuatilia kila tonge kwa macho. Ijumaa alinikingia mikono, akapoa, akameza tonge moja, akasema ameshiba. Nilimbembeleza mpaka chakula kikaota ngozi. Nilichoka uchovu ambao kulala hakuuondoi. Nilikuwa nimeshona suruali ya mtoto wa watu miguu yote miwili ikiwa ya kulia, na nikaiacha hivyo mpaka jioni kwa kukosa nguvu ya kufumua.

Jumamosi dada akafika. Nilimpa shikamoo, naye badala ya marahaba akanusa hewa.

"Mdogo wangu, umeanza kunywa?"

Nilimweleza habari ya chupa, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza, akasema shemeji lazima aisikie hii. Halafu akaingia chumbani akaona mitulinga ya mama ilivyotoka. Alirudi hana kicheko. Akaanza kutafuta mfuko wa kutia nguo.

Nilimwomba angoje mama ale kwanza, aone mwenyewe. Nilikuwa nimepika kuliko nilivyowahi kupika: ugali, maharage, na mgebuka, samaki wa ziwani, niliouagiza tangu alfajiri, kichwa chote kwenye sahani ya mama. Nikaja na chupa. Mama akakinga, akajipaka, akanishukuru. Nikamsuuza. Nikavuta sahani. Mama akaweka mikono yake juu ya magoti, wazi, mbele yetu sote, akaiacha ikauke.

Hajawahi kufanya hivyo maisha yake yote. Dada alinitazama mimi, si yeye, na mtazamo wake ulikuwa umeshafunga mfuko.

"Kaeni chini," mama alisema. Tukakaa. Akanielekezea kidevu, lakini alisema na dada. "Huyu anakula wapi? Tangu nifike sijamwona akila. Nikitafuna ananiangalia. Nikimeza anahesabu."

Nikasema nakula jikoni. Na ndivyo ilivyokuwa: nasimama na mwiko, naonja chumvi, naonja tena, mpaka nashiba kwa kuonja. Nilidhani hiyo ndiyo heshima, mama apate sahani yake, mboga yake, asigombanie na mkono wa mtu.

"Anayetengewa sahani peke yake ni mgonjwa anayengojewa kufa," mama alisema. "Mimi sijafika huko. Lete hiyo limau."

Nikampa chupa. Akammiminia dada, kisha akanimiminia mimi, nyingi, mpaka ikanichoma kila mahali sindano iliponichoma wiki ile. Dada akainuka akaleta sinia, akageuza sahani zote humo, tukasuuza, tukala.

Mama alikula. Sitasema alikula sana, lakini alikula kama mtu anayekula: alikuwa akisema, akageuza maharage kutafuta yaliyoiva, akanipiga kofi mkononi nilipogusa kichwa cha mgebuka. Alimeza dawa zake juu ya shibe bila kukumbushwa. Mimi uchovu wa siku zote zile ulinishukia pale pale, nikasinzia tonge likiwa mkononi, na dada akalichukua akalila.

Nilifikiri nimeshinda. Nilisema basi, mama abaki, nitakuwa nakula naye. Mama akakataa, taratibu, huku akilamba vidole. Alisema mimi na yeye tuko wawili tu, na mimi si msemaji. Tukinyamaza chakula kinapoa. Kwa dada kuna wajukuu, kuna wakwe, kuna vurugu. Atakaa Kibondo mpaka mvua zishike. Na mimi, alisema, nifunge hiyo cherehani Jumapili nije, nisimfanye aniulizie kama mtoto aliyepotea. Chupa akaitia kwenye mfuko wake mwenyewe.

Jumapili ya wiki iliyofuata nikaenda. Kwa anayesafiri si safari ya kusimulia, ila mimi nilifika Kibondo nimepakwa vumbi mpaka kwenye kope, na ningependa kuandika hapa kwa herufi za kusomeka kwamba Kibondo nako kulikuwa na joto. Dada alinidanganya. Ile limau ya Uturuki ilikuwa imekwisha siku ya pili tu. Wajukuu walimiminiana mpaka wakaimaliza, na wao hawakuhitaji kupozwa wala kushawishiwa kula.

Niliwakuta wamezunguka sinia uani. Sikumtambua mama kwa haraka, kwa sababu alikuwa katikati ya mabega ya watoto na alikuwa anamkaripia mmoja kwa kuchagua vipande vikubwa. Alinisogezea nafasi kwa kiwiko bila kuacha kutafuna. Hakuna mtu aliyekuwa anamwangalia. Nami nikanawa, nikajibana pale, nikajitahidi kwa nguvu zote nisimwangalie, na wakati najitahidi hivyo sombe ikaisha. Niliambulia mchuzi.