Kasha Likalie Wewe

Mama yangu Lesieli hakuwahi kujificha nyuma ya picha ya ua. Kwenye ule ukurasa wa Fesibuku wa Watonga wa bahari ya Pasifiki, tuliobaki visiwani na waliotawanyika Auckland, Sydney na kwingineko, nusu ya watu ni maua, wengine ni machweo, wengine ni kwaya nzima ya kanisa usijue nani ni nani. Yeye aliweka uso wake, jicho moja limefumbwa kwa jua, shelisheli mkononi, na jina lake kamili. Kama nina la kusema, alikuwa akisema, nimfiche nani mdomo wangu?

Na la kusema halikumwishia. Asubuhi akimaliza kugonga magome yake ya kutengenezea nguo anafuta mikono, anavaa miwani, anashika simu. Mtu wa Sydney anauliza amfanyeje mwanakwaya mwenye sauti ya bata. Mama anamwambia ampe kazi ya kubeba vitabu vya nyimbo, kisha amsifu sana kwa kuvibeba. Mtu wa Auckland anauliza kama ni dhambi kumnyima shemeji yake mashine ya kukatia nyasi. Mama anamuuliza mara ya mwisho ilirudi na kisu chake au bila kisu. Hakuwajua wala hawakumjua, lakini walimrudia. Wengine walimtukana, eti mjane wa kisiwani Vava'u kajifanya hakimu, na hao pia aliwajibu. Mimi nasema ushauri wa bure kutoka kwa mtu mwenye uso unashinda hotuba za wenye vyeo, na atakayekasirika akasirike.

Kisha likaja lile swali. Muulizaji alificha jina. Alisema anakaa Sydney, mumewe ni fundi wa mapaa. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, ndiye shangazi wa watoto wake, na kwetu shangazi ndiye mkubwa wa karamu: hukaa mahali pa juu, hupewa nyama nono na mkeka wa kwanza, na hakuna wa kumkatalia. Sasa wifi huyo alikuwa anataka na ngatu, nguo ya magome ambayo muulizaji aliachiwa na marehemu mama yake, ile iliyoungua pembe moja siku jiko liliposhika moto. Je, akimnyima atakuwa amevunja mila?

Majibu yalimiminika. Mpe, mila ni mila. Mpe, utabarikiwa. Maua yote yalisema mpe. Mama akaandika: "Shangazi huchukua kilichotandikwa karamuni, hachukui kilicho kashani. Nguo hiyo ni ya upande wa mama yako, si ya kwao. Akija, mpe kiti kizuri na chai. Kasha likalie wewe."

Watu wakacheka, wakasambaza. Lakini muulizaji alikuwa amefanya kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kuligundua. Alibadilisha mji, akabadilisha kazi ya mume, hata watoto aliwaongeza, ila ile pembe iliyoungua aliiacha. Ngatu haitengenezwi na mtu mmoja. Wanawake hukaa pande mbili za ubao mrefu, wakabandika vipande kwa gundi ya muhogo na kusugua rangi, na aliyeibandika nguo huitambua hata akizeeka. Hiyo ilikuwa imebandikwa na wanawake wa kijiji chetu, na moto ule uliounguza pembe waliujua wote. Kabla ya chai ya saa nne kila mtu alijua kuwa huyo mtu wa Sydney mwenye nguo ni Tokilupe, jirani yetu wa nyumba ya tatu, na wifi mwenyewe ni Bi Kalolaine, mkuu wa kikundi cha wanawake wa nguo.

Nami nilikuwa karibu kuolewa. Mama alikuwa amegonga magome mwaka mzima kwa ajili yangu, vipande vimejaa chumbani vikisubiri kikundi kije kuvibandika. Bibi harusi wa kwetu akienda kwa mume bila ngatu ya mama yake, wakwe watampokea kwa adabu, kisha watamsema mpaka azeeke.

Bi Kalolaine alisema na Mama mbele ya wanawake wote, kwenye banda la kikundi. Hakupaza sauti, hajawahi kuhitaji. Alimtaka Mama afute aliyoyaandika, aandike palepale kuwa amekosa, kisha aje awaombe radhi wanawake hadharani. Asipofanya hivyo, hakuna atakayekaa kwenye ubao wake.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, Lesieli," alisema. "Na wewe mwenyewe ni shangazi. Kwa kaka yako hujala mgongo wa nguruwe?"

"Nimeula, dada, mafuta yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko," Mama alijibu. "Lakini kasha la wifi yangu sijui hata lina rangi gani."

Mwanamke mmoja alicheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Mama akachukua mkeka wake, akatoka.

Wakaja wa kumsihi. Mke wa mchungaji alikuja, mjomba alikuja, wote wimbo mmoja: haya ni maneno ya kwenye simu tu, futa yaishe. Nilichukia. Kama ni ya simu tu, mbona yamewatoa majumbani kwao? Walipoondoka Mama alinitazama, akasema harusi ni yangu, basi neno niseme mimi.

"Usifute, Mama," nikamwambia. "Nitaenda na mikeka yako na uso wangu." Kisha nikamuuliza kama alijua kuwa yule ni Tokilupe.

"Ile pembe niliibandika kwa mkono huu. Nilimjua kabla sijamaliza kusoma."

"Sasa kwa nini ukajibu?"

"Si aliuliza?"

Siku ya kubandika Mama hakuuweka ubao nyuma ya nyumba. Tuliubeba mpaka mbele, kando ya barabara, mahali ambapo kila aendaye bandani lazima apite. Tukapika gundi, tukakaa wawili kwenye ubao wa watu kumi. Wanawake walipita wakitusalimu huku wanatazama miguu yao. Kazi ilikwenda ovyo. Nikivuta huku, kule kunakunjamana. Mama hakutukana wala hakulia, alibandua na kubandika upya. Mimi ndiye niliyekuwa na machozi ya hasira, na sikuyaficha.

Ndipo Tokilupe akatoka kwake na nguo begani. Alikuja katikati ya barabara, polepole, kila mtu akimwona. Akaikunjua ile ngatu ya mama yake kwenye nyasi zetu kama mtu anayeanika matandiko, pembe iliyoungua ikielekea njiani. Kisha akakaa upande wa pili wa ubao, akachovya mkono kwenye gundi.

"Mtu wa Sydney ni mimi," alisema, kwa sauti ya kufika barabarani.

"Najua," Mama akamjibu. "Vuta upande wako, umelegea."

Yule wa kikohozi akageuka njiani, akaja. Wengine wawili wakamfuata. Nguo ikaanza kunyooka.

Bi Kalolaine alipofika, mikono yote ilisimama isipokuwa ya Mama. Alimaliza kipande alichokuwa nacho, akajifuta, akaingia ndani. Akatoka na kile kiti chetu kimoja kizuri, ambacho hukaliwa na mchungaji peke yake, akakiweka kichwani mwa ubao. Akaleta chai ya maziwa, sukari ya kutosha.

"Karibu, dada," akasema. "Kiti chako hiki, chai yako hii. Maneno yangu yako palepale nilipoyaweka."

Bi Kalolaine hakukaa. Alikuwa anaitazama nguo kwenye nyasi. Akaizunguka, akainama, akanyoosha mkono kuishika ile pembe.

Tokilupe akaacha gundi. Alikwenda mikono ameinua juu isichafue kitu, akakaa katikati ya nguo ya mama yake, miguu ameikunja kiheshima kabisa.

"Wifi," akasema, "chai yako inapoa."

Bi Kalolaine akaurudisha mkono wake. Kisha akaenda kitini, akakaa, akainywa.