Minani Niliyemtoa kwenye Faili la Baba Yake

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mpanda, Afisa Msajili alinikabidhi kalamu nyekundu. "Jina la mwisho la mtoto likitofautiana na la baba," akasema, "ujue kuna mtu anadanganya." Nikaamini.

Nyie vijana wa kompyuta hamjui tulivyofanya kazi. Kila kaya iliyoomba uraia ilikuwa na faili la karatasi, na watoto wadogo waliandikwa humo chini ya baba. Aliyekatwa kwa wino mwekundu alikuwa ametoka. Nilianzia kaunta, nikapelekwa masijala kutunza mafaili, kisha Mkuu wa Kitengo akanihamishia kwenye makazi ya wakimbizi wa Kirundi.

Huko alikuja Mzee Gaspari Ntakirutimana na bintiye, Veronika Minani.

"Mbona huyu si Ntakirutimana?" nikamuuliza.

"Kwetu mtoto harithi jina, mkubwa. Anapewa la kwake. Huyu ni wa nane, ndiyo Minani. Langu linaanza na Nta, utaikuta kwa wengi wa kwetu. Hiyo Nta ni kusema 'hakuna'. Jina zima ni 'Hakuna kinachomzidi Mungu'."

Nilimwelewa vizuri. Wiki ile ile wazee wengine walishanieleza hivyo hivyo. Hata hivyo nikapeleka faili kwa Mkuu wa Kitengo.

"Baba na lake, mtoto na lake? Mtoe," akasema bila kuinua kichwa.

Nikamkata. Niliogopa kurudishwa kaunta, huo ndio ukweli, na unaniuma mpaka leo.

Mzee alipata uraia. Binti akaambiwa aombe peke yake, baba akiwa shahidi, lakini mzee akafariki kabla ya kuitwa. Minani alikuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi. Walipodai cheti cha uraia hakuwa nacho, nafasi ikaenda kwa mwingine.

Nimestaafu sasa, naishi Nsemulwa. Wenzangu husema tulifuata taratibu. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Juzi nilimkuta Minani kwenye soko la Makanyagio akiuza dagaa, mtoto mgongoni. Nikamwambia mimi ndiye niliyemkata. Alinitazama kidogo, akaendelea kupima dagaa.

"Mtoto anaitwa nani?" nikauliza.

"Jina la baba yake. Wanangu wote watatu."

"Lakini kwenu kila mtoto na lake."

"Hiyo ilikuwa kabla yenu, mzee."

Akanifungia dagaa wangu kwenye gazeti, akamgeukia mteja mwingine.