Bahari ya Mume Wangu Ilikuwa Haishuki

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana Ifakara ni ndogo na mawifi zangu wote wanasoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na tatu, ni fundi cherehani, nina mume na watoto wawili. Najijua nina mdomo na nina wivu, kwa hiyo hilo msinichoshe nalo, nimeshaambiwa sana.

Mume wangu ni mtoto wa wavuvi wa Mofu, mtumbwi aliujua kabla hajajua kusoma. Alikuwa anawaendeshea boti wageni wanaokuja kuvua kwa ndoano kwenye mto wetu. Mmoja wao akampenda kwa kazi, akamchukua hadi Ugiriki, kwenye bahari ya Mediterania, ambako ana boti za kukodisha. Kazi yenyewe aliponieleza nilicheka: kuosha boti za matajiri, kuzifunga gatini, na kufundisha watalii kusimama juu ya ubao na kupiga kasia. Nikamwambia, "Yaani mtu anapanda ndege kwenda kufanya anachofanya baba yako akienda kutega samaki?" Akasema, "Ndiyo, tena wanaanguka."

Mwaka wa kwanza nilifurahi. Wa pili nikaanza kuangalia zile simu za video kwa jicho lingine. Alikuwa akipiga saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, amekaa kwenye ngazi za mawe zinazoingia majini. Nyuma yake boti nyeupe, miavuli ya ufukweni, wanawake wamevaa vile wanavyovaa, vicheko tu. Haya, hayo nilivumilia. Lakini maji! Sisi tuliokulia kando ya mto, masika yakianza unachomeka kijiti ukingoni, na kila asubuhi unaenda kuangalia maji yamefika wapi, maana usipoangalia yatakukuta kitandani. Macho yangu yamezoea hivyo. Sasa huko kwake asubuhi maji yako ngazi ya tatu, jioni ngazi ya tatu, mwezi mzima ngazi ya tatu. Na bahari mimi nimeiona, nilienda harusi Bagamoyo. Asubuhi boti zinaelea, mchana zimelala mchangani na watoto wanacheza mpira pembeni. Nikajiuliza, bahari gani hii haishuki? Halafu saa: nikimuuliza huko ni saa ngapi, anataja ile ile ya kwangu. Ulaya gani saa zake ni sawasawa na za Ifakara?

Nikamweleza jirani yangu, akapiga makofi. "Shoga, hilo ni ziwa! Mwanaume yuko Mwanza, ameoa." Jamani, moyo ulinilipuka. Kuanzia hapo kila alichosema nilikisikia kama uongo. Akisema amechoka, najua amechoshwa na nani. Akicheka, ananicheka mimi.

Sikumuuliza faragha. Nilienda kwa baba mkwe, wakaitwa wajomba na mawifi, simu ikawekwa spika. Nikamwambia mbele yao, "Tuonyeshe maji yakiwa yameshuka." Akasema, "Mke wangu, huku hayashuki, ndivyo yalivyo." Watu wakaguna. Baba mkwe akasema kwa upole, "Mwanangu, hata mimi Dar nimefika. Bahari inapanda na kushuka. Kama una mtu huko, sema, tuyamalize." Nikamsikia mume wangu analia. Sijawahi kumsikia akilia, na siku ile, Mungu anisamehe, nilijua nimempata.

Siku tatu baadaye mwalimu mmoja wa jiografia aliniletea suruali nipunguze. Nikamuuliza kama utani tu. Akasema, "Ah, Mediterania? Ile imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Maji yake yanapanda na kushuka kidogo sana, unaweza usione kabisa." Nikauliza na saa. "Ugiriki? Majira yao ya joto saa zao ni sawa na zetu."

Nilishona ile suruali vibaya, nikaifumua, nikaishona tena.

Jioni ile ile mume wangu akatuma ujumbe wa sauti. "Mke wangu, bosi amenichagua nikasomee unahodha wa boti. Nikirudi sasa kujisafisha mbele ya wazee, nafasi anapewa mwingine. Niambie tu kwamba unaniamini, nibaki." Niliusikiliza mara tatu. Nilikuwa najua ukweli wote. Lakini miaka miwili nalala peke yangu, watoto wanamjua baba wa kwenye kioo cha simu, na sasa anasomea unahodha, atarudi lini? Nikaandika neno moja: "Rudi."

Akarudi. Aliweka pasipoti yake, yenye mihuri ya Ugiriki, mkekani mbele ya wazee wale wale. Baba mkwe alimwomba radhi. Mimi nikatetewa, eti mwanamke wa watu hakujua, hata wazee hawakujua. Nikainamisha kichwa kama kweli.

Sasa hivi anafukuza ndege kwenye shamba letu la mpunga Mchombe. Halalamiki. Wiki iliyopita tukiwa tunakula akasema, "Nimekusamehe toka moyoni. Asiyejua hana kosa. Ungekuwa unajua halafu ukaniita, hapo tungeachana." Nikasema asante, nikaendelea kula.

Jana mwalimu amepita kibandani kwangu, kasikia mume wangu amerudi. Anataka kumwalika shuleni Ijumaa awaeleze wanafunzi habari za bahari ile. Sijui alikuwa na nia gani, mbona alinitazama sana? Mume wangu amefurahi, toka arudi sijamwona akifurahi hivyo, ameshapiga pasi shati. Wakikaa hao wawili, lazima mwalimu atasema, "Hata mkeo aliwahi kuniuliza," na mume wangu atauliza lini.

Ndugu zangu, Ijumaa ni keshokutwa. Nimwambie mwenyewe leo nimpoteze, au ninyamaze nimwombe Mungu mwalimu awe amesahau? Ninyi mngekuwa mimi mngefanyaje?