Kona ya Mandazi

Juzi asubuhi, hapa Tassia, Nairobi, ninapopanga, nilikuwa nimesimama kwa msichana anayekaanga mandazi chini ya gorofa letu. Foleni ilikuwa ndefu. Kijana mmoja nyuma yangu akasema, "Siste, hii laini yote? Umeweka maji ya mochari nini?" Watu wakacheka. Msichana naye akacheka, akaendelea kugeuza mandazi yake. Mimi nilitoka kwenye foleni nikarudi nyumbani na njaa yangu.

Acha nikueleze kwa nini.

Nililelewa na nyanya yangu katika nyumba za kanisili, za baraza la jiji, zile za chumba kimoja na paa la vigae, zilizojengewa wafanyakazi wa reli na wa mji. Babu alikuwa mtu wa reli. Alipofariki nyanya alibaki na chumba, na mimi, na karai moja kubwa jeusi alilokuja nalo kutoka kwao Magharibi mwa nchi akiwa bibi arusi. Aliliteleka kwenye kona, mwisho wa safu ya maduka. Upande mmoja palikuwa na kinu cha kusaga unga, na mwenye kinu alikuwa mweupe hadi kope. Kulikuwa na kinyozi aliyechora vichwa vya watu ukutani, na hakuna kimoja kilichofanana na binadamu yeyote niliyewahi kumwona. Kulikuwa na fundi wa viatu, na bucha ambayo paka walizijua saa zake kuliko sisi.

Asubuhi, kabla jua halijagusa vigae, harufu ya iliki ilikuwa imeshapita dirishani. Nyanya alikanda unga usiku, akaulaza chini ya blanketi lake la zamani kama mtoto mwenye homa. Alfajiri aliukata, akaangusha vipande kwenye mafuta, navyo vikapinduka vyenyewe vikajaa upepo. Wanaume waliokuwa wakitembea kwenda viwandani walisimama wakanywa strungi, chai isiyo na maziwa, wima, mandazi mawili kwenye gazeti, mafuta yakitoboa habari za jana. Nyanya aliwaita wote "baba," hata wale waliokuwa na umri wa kuwa wajukuu wake.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa rafiki yake wa karibu. Walisukana nywele, waliimba sauti moja kanisani, na nyanya ndiye aliyemfundisha kukanda. Huyo jirani ndiye aliyekuja kufungua hoteli kando ya kinyozi, hoteli hasa, yenye mabenchi, redio, na ukuta wa rangi ya samawati. Nyanya alimpelekea sukari siku ya kufungua. Lakini mandazi ya jirani yalikuwa magumu. Watu waliingia wakasikiliza redio, kisha wakatoka wakaja kupiga foleni kwenye kona.

Sijui ilianza siku gani. Maneno ya namna ile hayana siku. Nyanya alikuwa na mpwa wake aliyefagia wodi katika hospitali moja mjini. Kila Jumapili alikuja kwa baiskeli kumletea nyanya mafuta ya kupikia, kwenye jerikeni, maana aliyapata kwa bei nafuu karibu na kazini kwake. Mtaa mzima ulikuwa umeiona ile jerikeni miaka na miaka. Kisha mtu akaanza kuuliza kilichomo ndani.

Jibu lilikuwa tayari. Mpwa anafanya kazi mochari. Anakinga maji yanayooshewa maiti. Mama wa kona anakandia unga, na ndiyo sababu ukionja mara moja huwezi kuacha.

Nililisikia kwanza shuleni. Msichana niliyeketi naye alihamisha mkebe wake wa chakula, akaniambia kwa upole kabisa kwamba mama yake amesema nisiuguse. Wakati wa mapumziko walikuwa tayari wana wimbo. Mwalimu wetu, ambaye kila siku alinituma kwa nyanya na kikombe chake, alisimama mlangoni akausikiliza hadi mwisho. Alicheka kidogo, akageuka upande wa ubao. Siku hiyo hakunituma.

Foleni haikukatika mara moja. Ilipungua kama sabuni. Walianza wanawake, wakafuata wanaume wa viwandani, waliopita wakitazama upande wa pili wa barabara wakati yeye akiwaita, "Baba, leo hunywi chai?" Aliyebaki mwisho ni fundi wa viatu, na yeye alikunywa akiwa amegeukia ukuta.

Nyanya hakulia wala kugombana. Alifikiri ni jambo la kuonyesha tu. Akamwambia mpwa wake asije tena na jerikeni. Kisha akaanza kuteka maji kwenye bomba la mtaa saa ile ambayo kila mtu yuko pale, akijaza ndoo bila kifuniko. Alichota kikombe akanywa mbele yao, akabeba ndoo kichwani polepole hadi kona, akakanda unga palepale nje, mchana, mikono ikiwa wazi hadi viwikoni.

"Wacha waone," aliniambia. "Mtu akiona kwa macho yake, mdomo unachoka."

Waliona. Walisimama na ndoo zao wakamtazama kila siku. Nilikuwa nyuma yao nikisubiri zamu yangu mama mmoja aliposema, "Mtu asiye na la kuficha angejisumbua hivyo?" Na wengine wakaguna, mmm, kama kanisani.

Jirani alikuwa hapo. Alitikisa kichwa kwa huzuni, akamsaidia nyanya kujitwika ndoo.

Mwisho nyanya akaenda kwa mchungaji. Alimwomba ale andazi moja tu mbele ya watu. Mchungaji akasema hilo ni jambo dogo, mama, leta Jumapili. Tulikesha tukipika. Baada ya ibada nyanya alisimama nje ya mlango wa kanisa na beseni lililofunikwa kitambaa cheupe, amevaa lile gauni lake la ushirika. Mchungaji akaombea chakula. Aliomba kwa muda mrefu, akataja majirani na upendo na ulimi. Akachukua andazi, akalimega, akalitazama.

"Nitakula nyumbani na mama watoto," akasema, akalifunga kwa leso akalitia mfukoni mwa koti.

Nyanya alisema asante. Alibaki akitazama ule mfuko, ambapo doa la mafuta lilikuwa linapanuka taratibu kwenye koti la kijivu. Hakuna mtu mwingine aliyegusa beseni. Tulilibeba hadi nyumbani limejaa, tukala mandazi hayo hadi yakawa mawe, tukiyachovya kwenye strungi.

"Akufukuzaye hakwambii toka," alisema jioni moja, na nikajua tunarudi Magharibi.

Nauli haikutosha. Jirani akajua, sijui kwa vipi. Alikuja mchana kweupe na vijana wawili wa hotelini kwake.

"Mama, nasikia unarudi nyumbani," alisema, akiketi kitandani petu kama alivyozoea. "Hiyo karai utaibeba ya nini? Basi halitaki mizigo. Niachie mimi, nikusaidie na nauli."

Nyanya alikuwa anakunja shuka. Aliacha.

"Huiogopi?"

"Niogope nini? Mimi si mtoto."

"Watu wanasema nimeitia maji ya wafu."

Jirani alicheka, cheko fupi la rafiki. "Watu na maneno yao, mama."

Nyanya alimtazama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukielewa jambo polepole namna ile. Nilidhani atamfukuza. Badala yake alichukua jivu, akaketi kwenye kigoda, akalisugua lile karai ndani na nje mpaka likang'aa mahali ambapo halijawahi kung'aa. Kisha akawapa wale vijana wakalibeba. "Usiwashe moto mkali," alimwambia jirani. "Litakuunguzia."

Tuliondoka siku ya tatu. Asubuhi hiyo tulipita mbele ya ile hoteli ya samawati na mizigo yetu. Foleni ilikuwa imetoka hadi nje. Mwalimu wangu alikuwa amesimama ndani yake, na yule mama wa bombani, na wanaume wa viwandani. Harufu ilikuwa ileile. Walitusalimu vizuri, wakatutakia safari njema.

Kule nyumbani nyanya hakukaanga tena. Kila mgeni aliyetoka Nairobi alimuuliza swali moja: watu wanasemaje? Wageni walidhani anaulizia siasa. Alipofariki, ujumbe wa majirani ulitoka mtaani, na jirani ndiye aliyepewa nafasi ya kuzungumza. Alisimama kando ya jeneza akasema, "Huyu mama alitulisha sisi sote," akalia hadi akashikwa mikono.

Jumamosi baada ya ule mzaha wa Tassia nilipanda gari kwenda mtaa wetu wa zamani. Safu yote ya maduka imebomolewa. Pamezungushiwa mabati, na ndani kuna shimo la msingi wa gorofa ambalo litaota juu kama yale ya mtaa wa Kware, jua lisifike chini. Kinu, kinyozi, bucha, vyote vimekwenda. Fundi wa viatu wanasema alikufa. Nilimkuta jirani ameketi mlangoni kwake, mzee sasa, miguu imevimba, akisubiri zamu ya nyumba yake kuvunjwa. Alinitambua kabla sijamsalimia.

"Walikuja hotelini asubuhi na tingatinga," aliniambia. "Hata sufuria hawakuniacha nitoe. Watu wa siku hizi hawana utu, mwanangu. Zamani tuliishi kama ndugu hapa. Si unakumbuka?"

Nikamuuliza kama anayakumbuka maji ya mochari.

Alifikiri. Aliyatafuta kweli, akayapata. "Eeh, hayo," akasema. "Hiyo ilikuwa biashara tu. Nyanya yako mwenyewe alielewa." Akanishika mkono, akaniuliza nina watoto wangapi.

Nilikuwa nimekuja kumchukia, na nikakuta hakuna wa kuchukia, ila kikongwe aliyepoteza sufuria zake. Rafiki yangu, mimi huikosa ile kona. Nalikosa vumbi la unga, na redio ya hoteli, na hata wale watu. Wengi wamekufa, wengine wamehamia Komarock na mbali zaidi. Nyanya alitaka mmoja wao tu asimame mbele ya wenzake aseme kwamba yalikuwa maji ya bomba. Hata angepatikana leo, mwenye moyo huo, hakuna tena aliyebaki pale wa kumsikiliza.